Mgeni Zizini

Daktari wa watu ana bahati moja ambayo daktari wa mifugo hana: mgonjwa wake husema. Mtu aumwaye tumbo hulishika tumbo lake akaeleza maumivu yalianza lini, alikula nini na usiku alilala vipi. Ng'ombe hasemi. Husimama kimya, masikio yamelegea na pua imekauka, na kila anachokificha hakina budi kutafutwa kwa macho, kwa masikio na kwa mikono. Kwa sababu hiyo elimu ya kutibu wanyama haimaliziki vitabuni. Kitabu chaweza kumwambia mwanafunzi kuwa tezi iliyo chini ya sikio la ng'ombe huvimba apatwapo na ndigana kali, lakini hakiwezi kuvipa vidole vyake mazoea ya kupambanua tezi iliyovimba na tezi iliyo salama. Mazoea hayo hupatikana zizini, na kila zizi, ewe msomaji, lina mwenyewe.

Fikiri asubuhi moja katika kijiji kimoja cha Kakamega, magharibi ya Kenya. Mvua imenyesha usiku, kama inyeshavyo mara nyingi katika nchi ile, na ukungu unapanda polepole kutoka upande wa msitu. Kijana aliyetoka ng'ambo ya bahari, aliyebakiza mwaka mmoja kupata shahada yake ya udaktari wa mifugo, anaingia katika uwanja wa nyumba akimfuata daktari mwenyeji. Katika kijizizi cha miti amesimama ng'ombe mmoja tu. Kijana anaamkia kwa Kiswahili chake kidogo, kisha anasema, "Mama, nimekuja kujifunza." Mama anamtazama, anamtazama na ng'ombe, anamjibu, "Karibu, mwanangu. Lakini ujue kuwa huyu ndiye karo ya watoto wangu. Jifunze polepole."

Picha hii nimeibuni mimi, lakini swali lililomo ndani yake si la kubuni. Mwanafunzi asiyegusa mnyama hatakuwa daktari kamwe, na mwanafunzi agusaye hugusa mali ya mtu. Akikosea, hasara haimpati yeye. Humpata yule aliyemfungulia zizi. Je, kwa haki gani mtu huenda kujifunza juu ya mali ya mwenziwe, tena katika nchi isiyo yake? Wako watakaosema kuwa jambo hili ni la siku hizi, lililoletwa na ndege na pasipoti. Historia yasema vingine. Safari ya mwanafunzi wa mifugo ina umri ule ule wa shule za mifugo.

Shule ya kwanza ya namna hiyo katika Ulaya ilianzishwa katika mji wa Lyon, nchini Ufaransa. Idhini ya serikali ya mfalme ilitolewa mwaka 1761, na wanafunzi wakaanza masomo mwaka 1762. Mwanzilishi wake, Claude Bourgelat, alikuwa mwanasheria aliyegeuka kuwa mwalimu wa kupanda farasi. Kilichoisukuma serikali kukubali shauri lake ni tauni ya ng'ombe, ambayo sisi twaiita sotoka. Katika karne ile sotoka iliipitia Ulaya mara kwa mara, na kila ilipopita mkulima alipoteza kwa pigo moja maksai wa kulimia, maziwa ya watoto na mbolea ya shamba. Wanafunzi wa Lyon hawakuachwa wakae darasani mpaka wahitimu. Mapema kabisa walitumwa vijijini kupambana na maradhi, na huko ndiko walikojifunza nusu ya kazi yao.

Sifa ya shule hiyo ilivuka mipaka upesi. Mwaka 1763 alifika kijana kutoka Denmark aitwaye Peter Christian Abildgaard, na kutoka Sweden akafika Peter Hernquist, aliyekuwa mwanafunzi wa mtaalamu mashuhuri wa mimea, Linnaeus. Wote wawili walitumwa na nchi zao kwa kuwa ng'ombe wa kwao walikuwa wakifa. Waliporudi hawakukaa na elimu yao kama bahili akaavyo na fedha. Abildgaard alianzisha shule ya Copenhagen mwaka 1773, na Hernquist akaanzisha ya Skara mwaka 1775. Hata London, ilipofungua shule yake mwaka 1791, mkuu wake wa kwanza alikuwa Mfaransa aliyesoma Lyon. Basi twaweza kusema kuwa shule za mifugo za Ulaya zilizaliwa na wanafunzi wageni, watu waliokwenda kujifunza katika mazizi ya wengine ili wakayaokoe ya kwao.

Miaka zaidi ya mia moja baadaye sotoka ilifika kwetu. Iliingia kiasi cha mwaka 1887 kwa ng'ombe walioletwa katika bandari ya Massawa, iliyo katika Eritrea, ikapita Uhabeshi, na kufikia mwaka 1891 ilikuwa imekwisha kuyapiga malisho ya Wamaasai na nchi za maziwa makuu. Mwaka 1896 ilivuka mto Zambezi ikaingia kusini. Ng'ombe wa Afrika hawakuwa wamepata kuuona ugonjwa huo, wala miili yao haikuwa na kinga. Zizi la ng'ombe mia lilibaki na wachache, na pengine halikubaki na hata mmoja. Nyati na wanyama wengine wa mwituni walikufa vile vile. Mfugaji asiye na ng'ombe hakuwa na maziwa, wala mahari, wala cha kubadili kwa nafaka, na njaa iliyofuata iliwaua watu wasiohesabika.

Nyuma ya maradhi walikuja wataalamu. Mmoja wao alikuwa Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu. Katika miaka ya 1897 na 1898 alifanya kazi Dar es Salaam, na katika damu ya ng'ombe wa pwani aliona vijidudu vidogo sana. Alidhani kuwa ni watoto wa vijidudu vya ugonjwa mwingine uliokuwa umekwisha kujulikana, ule wa kukojoa damu. Alikosea. Vile vilikuwa vijidudu vya ndigana kali, ugonjwa ambao baada ya miaka michache ulienea katika nchi za kusini pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani yetu, na kwa hiyo ukapewa jina la homa ya Pwani ya Mashariki. Aliyesaidia sana kuonyesha kuwa huo ni ugonjwa wa peke yake alikuwa Arnold Theiler, Mswisi aliyehamia Afrika Kusini mwaka 1891. Theiler alipoteza mkono wake mmoja katika mashine ya shambani muda mfupi baada ya kufika, na kwa mkono uliobaki akafanya kazi iliyolifanya jina lake lidumu katika jina la kijidudu chenyewe, Theileria. Nayataja haya ili ujue, msomaji, kuwa hata bingwa akifika katika nchi ngeni huwa mwanafunzi tena. Koch aliona kwa darubini yake kitu ambacho hakuna mchungaji aliyepata kukiona. Lakini kukiona kitu si sawa na kukielewa.

Katika Kenya serikali ya kikoloni ilijenga maabara ya mifugo huko Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1910. Kutoka Kabete ulimwengu ulipata kurasa mpya za vitabu vyake. Ugonjwa wa kondoo wa Nairobi ulielezwa mwaka 1917, homa ya nguruwe ya Kiafrika mwaka 1921, na homa ya Bonde la Ufa, iliyoonekana katika shamba moja karibu na ziwa Naivasha, mwaka 1931. Walioandika kurasa hizo walitoka Ulaya. Lakini nani aliyemshika fahali pembe alipotolewa damu? Nani aliyewaongoza wageni mpaka malishoni, akafasiri maneno ya wenye mifugo, akakesha na ndama wagonjwa? Hao walikuwa Waafrika, na majina yao ni haba kuonekana katika taarifa za wakati ule. Elimu nyingi ya magonjwa ya mifugo ya Afrika ilinunuliwa kwa ng'ombe wa Afrika na kwa jasho la wasaidizi wa Kiafrika. Deni hilo halikuandikwa mahali popote, lakini kutoandikwa hakulifuti.

Mlango wa elimu ya juu ulifunguka polepole. Katika Kakamega, kituo cha Bukura kilianza katika miaka ya 1920 kufundisha kilimo na ufugaji bora, na leo ni chuo. Lakini kijana wa huko aliyetaka kuwa mganga wa mifugo ilimpasa avuke mpaka aende Makerere, nchini Uganda, kwani huko ndiko Waafrika walikofundishwa kazi hiyo kwa kiwango cha stashahada. Mwaka 1962 mafunzo hayo yalihamishiwa Kabete. Mwaka uliofuata kilipoundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, nchi tatu ziligawana kazi: sheria Dar es Salaam, utabibu wa watu Makerere, utabibu wa wanyama Nairobi. Sasa ikawa zamu ya vijana wa Uganda na Tanganyika kuvuka mpaka kwenda Kenya, wakaingia katika mazizi ya Kikuyu na ya Bonde la Ufa kama vile wenzao wa Kenya walivyoingia katika mazizi ya Buganda. Walimu nao walitoka mbali. Ian McIntyre, wa Chuo Kikuu cha Glasgow, aliongoza kitivo cha Kabete katika miaka ya 1960, ili nchi zilizokuwa zikipata uhuru zipate madaktari wao wenyewe. Chuo Kikuu hicho kiligawanyika mwaka 1970, na kila nchi ikafuata njia yake. Tanzania ilianza kufundisha madaktari wake wa mifugo huko Morogoro katika miaka ya 1970.

Wako pia waliotoka kwetu kwenda Ulaya. Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, hakuwa daktari wa mifugo kwa shahada. Alikuwa mwanabiolojia aliyeajiriwa Nairobi kufundisha maumbile ya mwili wa wanyama. Mwaka 1967 alikwenda Ujerumani, akajifunza katika Giessen na München, kisha akarudi, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu, ya kwanza kupatwa na mwanamke katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Katika utafiti wake wa kupe aenezaye ndigana kali alitoka maabarani kwenda mashambani karibu na Nairobi. Alikwenda kutafuta kupe, akaona zaidi ya kupe. Aliona ng'ombe waliokonda kwa kukosa majani, na mito iliyogeuka rangi ya udongo kwa kuwa miti ya vilimani imekatwa. Mwaka 1977 alianza kazi ya kupanda miti iliyojulikana baadaye kwa jina la Ukanda wa Kijani, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kama angetosheka na meza ya maabara, huenda asingaliyaona yale aliyoonyeshwa na ng'ombe wa wakulima.

Sasa nakurudisha kwenye sotoka, kwa sababu kisa chake kina mwisho, tena mwisho wa furaha. Katika miaka ya 1950 na 1960 Mwingereza Walter Plowright alifanya kazi Muguga, si mbali na Kabete, pamoja na wenzake. Walichukua virusi vya sotoka vya jamii iitwayo Kabete O, iliyokuwa imetunzwa tangu siku za mwanzo za maabara ya Kabete, wakavikuza tena na tena katika chembe za figo la ndama mpaka vikapoteza ukali wake bila ya kupoteza uwezo wa kuukinga mwili. Chanjo hiyo ilikuwa salama, nafuu, na kinga yake ilidumu maisha ya mnyama. Ilipelekwa Afrika yote na Asia. Ugonjwa wa mwisho uliothibitishwa ulionekana mwaka 2001 kwa nyati wa mbuga ya Meru, nchini Kenya, na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa sotoka imekwisha duniani. Baada ya ndui, huo ni ugonjwa wa pili tu kufutwa na wanadamu.

Tazama basi mzunguko huu. Sotoka iliwafanya watu wa Lyon wafungue shule. Wageni wakaja kujifunza, wakaeneza shule katika nchi zao. Katika nchi hizo wakatoka wataalamu waliokuja kwetu, na kutoka zizi la Kabete ikatoka chanjo iliyosaidia kuufuta ugonjwa huo duniani. Nani katika mlolongo huu alikuwa mwalimu tu, na nani alikuwa mwanafunzi tu? Mimi simwoni.

Turudi Kakamega, tulikomwacha kijana na mama. Ardhi ya huko ina rutuba na mvua haiadimiki, lakini watu ni wengi na mashamba ni madogo. Nyumba nyingi hazina makundi ya ng'ombe; zina mmoja au wawili, wafungwao kwa kamba kando ya njia au kukatiwa majani ya tembo wakala zizini. Ng'ombe mmoja ni maziwa ya chai na ya mtoto, ni samadi ya mahindi, ni karo, ni sehemu ya mahari. Na miongoni mwa Waisukha na Waidakho yuko fahali ambaye ni fahari ya ukoo mzima. Hupewa jina, huimbiwa, na siku ya mapambano hupelekwa uwanjani alfajiri kwa ngoma za isukuti na pembe, umati ukimfuata mbio. Mgeni adhaniye kuwa huyo ni kilo kadhaa za nyama hajaifahamu nchi aliyofikia.

Katika nchi kama hii mwanafunzi wa ng'ambo hupata mafunzo ambayo kwao hayapatikani. Ndigana kali hajapata kuiona ila katika picha, kwa kuwa kupe wake hayuko Ulaya. Hapa humkuta ndama ana homa, tezi zimevimba chini ya sikio na mbele ya bega, pumzi inampanda kwa shida. Hujifunza kuwa ng'ombe wa kienyeji, aliyeumwa utotoni akapona, hustahimili mahali ambapo ng'ombe wa kigeni mwenye maziwa mengi hufa. Kati ya mwaka 2007 na 2010 watafiti waliokaa upande wa Busia, wenyeji na wageni pamoja, walifuata maisha ya ndama 548 wa kienyeji katika vijiji vya magharibi ya Kenya, tangu kuzaliwa mpaka umri wa mwaka mmoja. Katika waliokufa, ndigana kali ndiyo iliyoongoza kwa kuua. Habari hiyo isingalipatikana kama wenye ndama mia tano na zaidi wasingaliwafungulia watafiti mazizi yao, tena na tena, kwa mwaka mzima.

Lakini liko jambo ambalo mgeni hulijua hapa kuliko popote: dalili ya kwanza haionwi na daktari. Dawa ya ndigana kali iko tangu miaka ya 1980, na hufanya kazi vyema ikitolewa mapema. Ikichelewa, fedha hupotea na ng'ombe hufa. Aionaye mapema ni yule mama, ajuaye kuwa ng'ombe wake jana alimaliza majani na leo ameyabakiza. Mwanafunzi ana kipimajoto na darubini. Mama ana miaka sita ya kumtazama mnyama mmoja. Wakisikilizana, ng'ombe hupona. Mwanafunzi akijiona kuwa amekuja kufundisha tu, atafika baada ya wakati.

Kutokana na hayo naona mambo matatu yampasa kila aingiaye katika zizi la mwenziwe ili ajifunze. La kwanza ni idhini, nayo iwe ya kweli: mwenye mnyama aelezwe kwa lugha aijuayo kwamba huyu ni mwanafunzi, na aweze kukataa bila kuogopa kunyimwa matibabu. La pili ni usimamizi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yataka kazi ya udaktari wa mifugo ifanywe na waliosajiliwa, na sheria hiyo ni ngao ya mkulima. Mkono wa mwanafunzi uwe chini ya jicho la daktari mwenyeji, naye ndiye atakayebaki kijijini baada ya ndege kuondoka. La tatu ni malipo, wala sisemi fedha. Mwanafunzi aliyejifunza aache nyuma yake kitu kibaki: ndama aliyeponywa, maelezo ya kupe yaliyofahamika, au taarifa iliyorudishwa kwa wenyewe badala ya kufungiwa katika kabati la chuo cha mbali.

Nawe, msomaji kijana, usidhani kuwa insha hii yawahusu wageni peke yao. Huenda siku moja ukapata nafasi ya kwenda Glasgow au Giessen, ukashika mnyama wa mkulima usiyeijua vizuri lugha yake. Hapo utakuwa wewe ndiye mgeni zizini. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika historia niliyokusimulia mgeni naye alipona, kwa kuwa aliyoyajua aliyapata kwa mwenyeji. Basi ukifika, amkia kwanza mwenye zizi, kisha mnyama. Nawa mikono. Na ukiambiwa, "Jifunze polepole," usione kuwa umetukanwa, maana mwenye zizi amekuamini mali yake.